Kazi ya Miezi Mitatu: Uiandike kwenye CV, Uiache, au Uikunje?

Uliajiriwa, ukazoea njia ya kwenda ofisini, na kabla mwezi wa nne haujaingia uko nyumbani tena. Pengine ni kampuni ya Upper Hill iliyokuchukua kama karani wa hesabu, kisha ukajikuta unauza bima kwa kamisheni. Pengine ni ghala la Mombasa Road lililopunguza watu. Pengine ni shirika lisilo la kiserikali ambalo fedha zake zilikatika Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, na mkataba wa mwaka mzima ukafia njiani. Sasa CV iko wazi kwenye kompyuta ya saiba, dakika zinahesabiwa, na mstari huo mmoja umekukwamisha.

Ushauri unaozunguka mitaani ni wa aina mbili, na kila mmoja hutolewa kwa uhakika mkubwa: "Chini ya miezi sita usiandike," na "Andika kila kitu, HR watajua tu." Kila mmoja uliwahi kumfaa mtu fulani. Huenda mtu huyo si wewe.

Mimi nalitazama jambo hili kwa upande wa mahojiano. Kila njia utakayochukua inakuja na swali lake. Ukiiandika kazi hiyo, utaulizwa, "Mbona uliondoka mapema hivyo?" Ukiiacha, utaulizwa, "Miezi hiyo ulikuwa wapi?" Ukiikunja ndani ya kazi nyingine fupi, utaulizwa, "Hii ilikuwa lini hasa, na ya muda gani?" Hakuna njia isiyo na swali. Unachochagua ni swali ambalo una jibu lake: la kweli, fupi, na unaloweza kulitoa bila sauti kukukauka.

Vipimo vya kutumia

Muda ndio kipimo ambacho kila mtu hukitaja kwanza, na kwa maoni yangu ndicho dhaifu kuliko vyote. Hata hivyo sheria inatupa alama mbili za kushika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita mfanyakazi akikubali. Katika kipindi hicho, upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba, au kwa malipo ya siku hizo. Kwa hiyo kuachana mapema ni jambo ambalo sheria yenyewe ililitarajia. Mwajiri mwenye uzoefu analijua hilo, hata kama atakukazia macho.

Alama ya pili ni wiki nne. Ukifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka. Cheti hicho kinataja jina lake na lako, siku uliyoanza, siku uliyomaliza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia. Chini ya wiki nne halazimiki kukupa. Kazi ya siku kumi, basi, huna hata karatasi ya kuithibitisha, na kuipigania nafasi kwenye CV ni kujitafutia shida bure.

Kando kidogo: cheti hicho wengi hawakidai, hasa waliotoka wakiwa na hasira. Kidai. Sheria haimlazimu mwajiri kuandika lolote kuhusu tabia yako au utendaji wako, kwa hiyo usiogope kwamba kitakuchafulia jina. Na anayekataa kukitoa kwa makusudi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni uwiano. Miezi mitatu kwa mtu aliyefanya kazi miaka kumi na miwili ni tone baharini. Miezi hiyohiyo kwa aliyehitimu mwaka jana huenda ndiyo tajriba yake yote. Baada ya hapo, jiulize ulichokifanya kweli. Ulifunga hesabu za mwezi, ulihudumia wateja, ulijifunza programu ambayo tangazo la kazi linaitaja? Au ulikuwa bado unaelekezwa kilipo choo na printa?

Tazama pia alama zilizobaki nyuma yako. Ikiwa mwajiri alikukata kodi, kazi hiyo iko KRA, mamlaka ya mapato. Ukijaza ritani ya kodi kabla ya Juni 30 utahitaji fomu ya P9 (inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa) ya kila mwajiri uliyekuwa naye mwaka huo, hata yule wa wiki sita. Michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ina jina la mwajiri huyo. Rekodi hizi mwajiri mpya hazioni kwa kubofya tu, lakini akikuomba hati za malipo za miezi mitatu iliyopita au taarifa ya benki ili mkubaliane mshahara, jina la kampuni ile litajitokeza lenyewe. Na Nairobi ya watu wa fani moja ni ndogo. Wahasibu wanajuana, watu wa hoteli wanajuana, watu wa mashirika ndio usiseme.

Mwisho, namna ulivyotoka. Mkataba kwisha, kampuni kupunguza watu, wewe kujiuzulu, na kupigwa kalamu ni mambo manne tofauti, na kila moja lina uzito wake.

Kwanza, unajaza nini?

Kabla ya kulinganisha njia zenyewe kuna jambo linalowaponza wengi. CV na fomu ya maombi si kitu kimoja. CV ni yako. Unachagua cha kuweka ili kumwonyesha mwajiri kwa nini unaifaa nafasi ile, na hakuna sheria inayokutaka uorodheshe kila ofisi uliyowahi kukanyaga. Fomu ni ya mwajiri. Inauliza historia ya ajira yako, na chini yake unatia sahihi kwamba ulichojaza ni kweli.

Anayetafuta kazi za Gigiri, ziliko ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, atakutana na fomu yao ya P11 ya historia ya mwombaji, au maelezo ya aina hiyo kwenye tovuti yao ya ajira. P11 inakutaka utaje kila kazi uliyowahi kufanya, kuanzia ya sasa kurudi nyuma, na tamko unalolitilia sahihi linasema kwamba kudanganya au kuacha jambo la maana kunaweza kukufutisha kazi. Hapo neno "kuacha" limetajwa waziwazi. Fomu za Tume ya Utumishi wa Umma na za bodi za kaunti nazo zinauliza ulikofanya kazi. Benki nyingi zitakupa fomu ya kuruhusu uchunguzi wa historia yako, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana wanaoshughulikia taarifa za watu. Ukishatia sahihi, watapiga simu.

Kwa hiyo ulinganisho unaofuata ni wa CV. Fomu ikisema "kazi zote", hakuna cha kulinganisha: jaza zote.

Njia ya kwanza: kuiandika kama kazi nyingine

*Pengo.* Linazibika. Msomaji anaona mwezi uliotoka ofisi ya zamani, mwezi ulioingia mpya, na mwezi uliotoka tena. Hakisii chochote.

*Inachoonyesha.* Inategemea mistari utakayoweka chini yake. Kazi fupi yenye mistari mitano ya majukumu yaliyonakiliwa kutoka kwenye barua ya ajira huchekesha. Mwajiri anajua kwamba ndani ya wiki kumi hukusimamia bajeti wala hukuunda mkakati. Weka mistari miwili ya vitu vilivyokamilika: "Nililinganisha hesabu za benki za matawi mawili, Machi hadi Mei." Basi. Na sababu ya kutoka ikiwa haina aibu, iweke palepale kando ya cheo: "kandarasi ya miezi mitatu, ilikamilika" au "mradi ulifungwa". Maneno hayo machache yanaliua swali kabla halijazaliwa.

*Ikifuatiliwa.* Hapa ndipo njia hii inapotulia kuliko nyingine. Akimpigia mwajiri wa zamani, atasikia alichokwisha kukisoma. Hatari iliyopo ni kwamba huenda usifike kwenye mahojiano. Anayesoma mamia ya maombi ya nafasi moja hutafuta sababu ya kupunguza rundo, na kazi ya miezi miwili juu kabisa ya ukurasa ni sababu rahisi. Hilo si haki, lakini hutokea.

*Swali lake.* "Mbona uliondoka?" Jibu zuri lina kilichobadilika na ulichokifanya: "Niliajiriwa kama afisa wa mikopo. Mwezi wa pili nikahamishiwa kudai madeni majumbani. Nilizungumza na meneja, haikuwezekana kurudi, nikatoa notisi." Jibu baya ni lolote linaloanza na tabia ya bosi. Hata kama bosi alikuwa nunda kweli, anayekusikiliza pia ni bosi.

*Inamfaa* mwenye tajriba ndogo, aliyeondoka kwa sababu inayoeleweka, aliyejifunza kitu ambacho kazi mpya inakihitaji, na yule ambaye kazi hiyo ndiyo ya karibuni kabisa huku pengo likizidi kupanuka.

Njia ya pili: kuiacha nje

*Pengo.* Linabaki, lakini ukubwa wake hutofautiana sana. Ukitoka kazi moja Desemba na kuanza nyingine Mei, hakuna atakayeshtuka. Kutafuta kazi Nairobi huchukua miezi, na anayekuhoji aliwahi kusaga lami kama wewe. Pengo la mwaka na nusu ni jambo jingine. Hapo hata kazi ya wiki nane ingekusaidia.

*Inachoonyesha.* Haionyeshi kitu, na wakati mwingine ndiyo faida yake. Fundi wa umeme anayeomba kazi ya kiwandani haongezi chochote kwa kutaja wiki tano alizouza simu katikati ya jiji. CV inakuwa safi, na jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kazi iliyodumu.

*Ikifuatiliwa.* Kuiacha nje ya CV si uongo. Uongo unaanza ukiulizwa na kukana. "Katikati ya Januari na Mei ulikuwa unafanya nini?" ni swali la kawaida, na ukijibu "nilikuwa nyumbani" huku P9 ikisema vingine, tatizo si kazi fupi tena. Jibu liwe: "Nilijaribu kazi moja ya mauzo kwa wiki kadhaa, haikunifaa, nikarudi kutafuta kazi ya fani yangu." Limetoka, limeisha, mazungumzo yanaendelea.

Angalia pia LinkedIn yako. Watu huifuta kazi kwenye CV na kuisahau kule, pamoja na ule ujumbe wa furaha wa siku ya kwanza na pongezi arobaini chini yake. HR anayetazama vyote viwili hataudhiwa na kazi hiyo. Ataudhiwa na kutolingana. Chunguza vilevile warejelewa wako, wale uliowataja wapigiwe simu kukuhusu. Kama mmoja wao ni aliyekuwa msimamizi wako katika kazi uliyoiacha nje, umeificha mlangoni na kuiingiza dirishani.

*Swali lake.* "Ulikuwa wapi?" Wenye jibu jingine la kweli hapa wana bahati: walikuwa wanasoma sehemu ya CPA, mitihani ya uhasibu, wanamuuguza mzazi, wanaendesha biashara ndogo ya familia. Wasio nalo watumie lile la juu.

*Inamfaa* mwenye historia ndefu ambayo kazi hiyo haiiongezei kitu, aliyekaa chini ya wiki nne, na anayebadilisha fani. Inamfaa pia aliyeondoka kwa ugomvi ambao hawezi kuusimulia bila damu kuchemka. Huyu wa mwisho aiache kwanza, angalau hadi hasira ipoe.

Njia ya tatu: kuikunja

Hapa kazi inatajwa, lakini haipewi chumba chake. Unaweza kuiweka chini ya kichwa kama "Kandarasi na kazi za muda" pamoja na nyingine, au kuipa mstari mmoja chini ya "Tajriba nyingine" mwishoni mwa ukurasa, bila majukumu.

*Pengo.* Linazibika nusu. Msomaji makini ataunganisha tarehe. Msomaji wa haraka ataona tu kwamba hukukaa bure.

*Inachoonyesha.* Kwa mwenye kazi fupi tatu au nne, njia hii hugeuza udhaifu kuwa sura moja inayoeleweka. Mhudumu aliyefanya kazi hoteli tatu ndani ya mwaka mmoja akiziorodhesha moja moja ataonekana anafukuzwa kila mahali. Akiziweka pamoja, "Huduma za chakula, kazi za muda katika hoteli za Westlands na Kilimani, 2024", anaonekana alivyo: mtu wa sekta inayoajiri kwa misimu. Kwa mwenye kazi fupi moja tu, kichwa cha "Kandarasi" chenye mstari mmoja chini yake kinaonekana cha ajabu. Afadhali achague njia ya kwanza au ya pili.

*Ikifuatiliwa.* Ni salama ikiwa maneno ni ya kweli. Kazi uliyojiuzulu ndani ya majaribio haikuwa kandarasi ya muda, na cheti cha utumishi au simu moja itakuumbua. Vivyo hivyo kuandika miaka bila miezi. Ni desturi inayokubalika ikiwa CV nzima imeandikwa hivyo. Lakini anayeandika "2023–2024" kwa kazi ya Desemba na Januari anajua anachofanya, na anayesoma anajua pia.

*Swali lake.* "Muda gani hasa?" Jibu kwa miezi kamili, papo hapo.

*Inamfaa* mtu wa hoteli, ujenzi, utafiti wa nyanjani, matukio, uandishi wa kujitegemea, na yeyote ambaye sekta yake haitarajii watu wakae muda mrefu.

Kuna njia ya nne inayopendwa mitaani: kurefusha tarehe, miezi mitatu ikawa mwaka. Siilinganishi na nyingine. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umenasa zaidi ya vyeti 2,000 ghushi katika taasisi za umma. Vile ni vyeti vya masomo, lakini tangu hapo mkono wa anayekagua umekuwa mzito kwa kila karatasi, na tarehe za ajira ndizo rahisi kuliko zote kuzithibitisha.

Kazi zilizozaliwa fupi

Hizi zisikusumbue. Karani wa sensa ya Agosti 2019, karani wa uchaguzi wa Agosti 2022, kijana wa Kazi Mtaani ya 2020, ule mpango wa serikali wa kazi za vijana: hakuna atakayekuuliza kwa nini uliondoka. Ziandike, hasa kama umri wa CV yako bado ni mdogo. Karani wa sensa alijifunza kutumia tableti, kugonga milango ya watu wasiomjua na kumaliza eneo lake kwa wakati. Afisa wa mauzo au wa utafiti anahitaji hayohayo. Taja mwaka na jina la shughuli, na muda utajieleza.

Kulingana na hali yako

Kama umehitimu karibuni na hiyo ndiyo kazi yako pekee, iandike, ulete na cheti cha utumishi. Mwajiri wa mtu wa ngazi ya mwanzo anatafuta dalili kwamba umewahi kuamka asubuhi na kuripoti mahali.

Kama una miaka mingi na kazi fupi iko katikati ya historia, iache, isipokuwa ilikuwa kwa mwajiri ambaye jina lake linafungua milango au ilikufundisha kitu kinachotajwa kwenye tangazo.

Kama ndiyo ya mwisho na umekaa nyumbani mwezi mmoja au miwili tu, unaweza kuiacha huku ukianza kutuma maombi, na kuiingiza miezi ikizidi kupita. CV si hati ya kiapo, na hakuna anayekukataza kuibadilisha kabla ya kila ombi. Hakikisha tu unakumbuka ni toleo gani ulimtumia nani.

Kama mradi ulifungwa au watu walipunguzwa, iandike na sababu uitaje. Mwaka 2025 maelfu ya Wakenya wa mashirika na miradi ya afya walijikuta hapo, na mwajiri wa sekta hiyo hatahitaji maelezo zaidi ya maneno mawili.

Kama ulipigwa kalamu kwa kosa lako, CV inaweza kukaa bila kazi hiyo, lakini tayarisha jibu la kweli. Sema kilichotokea kwa sentensi moja na ulichobadilisha kwa sentensi nyingine, kisha nyamaza. Anayejieleza sana huongeza makosa ambayo hayakuulizwa.

Kama mshahara haukulipwa ukaondoka, iandike ikiwa kazi yenyewe ilikuwa nzuri. "Malipo yalichelewa miezi miwili, nikashindwa kuendelea" ni jibu ambalo kila mtu anayelipa kodi ya nyumba jijini hulielewa.

Kama una kazi mbili fupi zilizofuatana, iandike moja, ile yenye maana zaidi kwa nafasi unayoomba, au zikunje zote mbili. Ukiziacha zote pengo litakuwa kubwa mno, na ukiziandika zote juu ya ukurasa mazungumzo yote yatakuwa juu yake. Na ofa ya tatu ikija, kabla ya kutia sahihi uliza yale ambayo zile mbili hazikukwambia: utaripoti kwa nani, utalipwa mshahara au kamisheni, na aliyekuwa kwenye nafasi hiyo alienda wapi.